Nani Alimlaza Mtoto?

Usiku wetu wa kwanza Amu, mwanangu alilia hadi punda wa mtaani wakamjibu. Ana miaka 2. Kule Nairobi nilikuwa nimempa chumba chake, na kwa wiki mbili nikafuata mbinu niliyosoma kwenye simu: mlaze, toka, funga mlango, ngoja dakika 3, kisha 5, kisha 10. Yeye analia ndani, mimi nalia nje.

Bibi hakunikaripia. Aliuliza tu, "Mlango wa nini, mwanangu?"

Nikaanza kutafuta. Kumbe mbinu yangu ina kwao. Mwaka 1894 daktari wa New York, Luther Emmett Holt, alichapisha kitabu cha malezi kilichowakataza akina mama kumbembeleza mtoto ili alale. Mwaka 1985, Richard Ferber wa Boston akaeleza namna ya kumwacha mtoto kwa muda unaoongezeka kidogo kidogo. Ushauri huo unahitaji nyumba ya aina fulani: chumba cha mtoto, mlango unaofungika, na mzazi anayewahi kazini asubuhi.

Nyumba za mawe za Amu, nyingi za karne ya 18, hazikujengwa hivyo. Unaingia kwa daka, unapita kiwanda, msana wa tini, msana wa yuu, ndipo ufike ndani. Upana uliamuliwa na boriti za mikoko, yapata mita 3 tu, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba. Msana na msana havikutenganishwa kwa mlango wa kufunga. Vitanda viliwekwa kwenye ncha, nyuma ya pazia. Mtoto aliyelala hapo alisikia kikombe kikiwekwa, uradi ukisomwa, watu wakicheka chini kwa chini.

"Mwana halali na kuta," Bibi alisema. "Hulala na watu."

Hapo insha tamu ilikuwa tayari kichwani: Wazungu walikosea, wazee wetu walijua. Lakini nikamuuliza, watu gani hao, Bibi?

Akanyamaza. "Kulikuwa na yaya."

"Wa nani?"

"Wa nyumba."

Maneno hayo mawili yalinikosesha usingizi mimi. Utumwa ulifutwa kisheria pwani hii mwaka 1907. Kabla ya hapo, katika nyumba za waungwana kama hii, wanawake waliomilikiwa ndio walioteka maji, wakapika, wakabeba watoto mgongoni. Sheria ilipokuja, wengi hawakuwa na shamba wala pa kwenda, wakabaki pale pale. Yaya aliyembeba Bibi alikuwa binti wa mwanamke aliyewahi kumilikiwa na ukoo wetu. Bibi aliniambia hayo huku akitazama sakafu. Wimbo anaomwimbia mwanangu, alifunzwa na yaya huyo.

"Na watoto wake yeye, nani aliwalaza?"

"Sikuwahi kuuliza," akasema.

Nilitaka kumhukumu, nikashindwa. Mimi pia nina dada wa kazi. Ninapochelewa ofisini, na huwa nachelewa sana, yeye ndiye anayemwogesha mwanangu, anayempunguzia taa, anayemkalia hadi apitiwe. Ana binti wa miaka 3 kwao Kitui. Nilijua jina la mtoto huyo. Sikujua zaidi.

Usiku uliofuata sikufunga chochote. Nilimwogesha mapema, nikazima simu, nikamlaza nyuma ya pazia kwa wimbo ule ule, kisha nikakaa mkekani nikiongea na Bibi kwa sauti ya chini. Alilia. Usiku wa tatu alilia kidogo. Usiku wa nne aliita "Mama?" mara moja, nikaitika, akalala.

Asubuhi nilimpigia dada simu. Nikamuuliza binti yake hulala na nani.

"Na nyanya yake," akasema. Kisha, baada ya muda: "Lakini akiamka huniita mimi."

Tulipanga hivi: nikirudi, kumlaza mtoto ni kazi yangu, hata kama ofisi itanuna. Na kila mwisho wa mwezi yeye ataenda Kitui siku 4, mshahara ukiwa kamili. Nauli ni juu yangu. Bibi alisikia yote kutoka msana wa pili. Hakuna mlango.