Mzungu wa Nne

Mwaka 1998 nilifika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikitokea Songea, sanduku la bati mkononi, jina langu halimo kwenye orodha ya vyumba. Dada mmoja wa mwaka wa pili, tuliyekutana naye kwenye foleni ya kafeteria, akaniuliza swali moja tu: "Unakoroma?" Usiku huo tukalala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, kwenye kitanda cha futi mbili na nusu. Nikawa nimebebwa.

Chuo kilipoanza mtaa wa Lumumba mwaka 1961, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, kubebana hakukuwapo. Kikahamia Mlimani 1964, na kizazi kile kikakutanishwa na siasa. USARF, kundi la wanafunzi wanamapinduzi lililoanzishwa 1967 na kuongozwa na Yoweri Museveni, lilikuwa na darasa lake Jumapili asubuhi, lisilo na mtihani, wanachama wakibishania vitabu, na mhadhiri Walter Rodney akiwa kati yao. Jarida lao, Cheche, likapigwa marufuku 1970.

Sisi tulikutanishwa na uhaba. Miaka ya 1990 wanafunzi waliongezeka, vitanda havikwenda nao. Aliyekubeba ndiye aliyekurithisha madesa yake, yaani notisi zake za mwaka uliotangulia, na ndiye aliyekupeleka kwenye kimbweta, benchi la kusomea, cha kundi lake. Kitabu kilichogombewa maktaba kilitoka kwa saa chache tu, basi mmoja wetu alikesha nacho, kesho yake akawafundisha wanne. Zamu yangu ya kwanza nilisoma nilichonakili, neno kwa neno. Dada akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa tueleze." Sikuwa na la kueleza. Nikarudishwa foleni.

Urafiki huo ulizamisha pia, tusidanganyane. Desa letu la takwimu lilikuwa limepita mikono mingi, na mahali fulani njiani alama ya kutoa ilidondoka. Wanne tukaandika jibu moja, kosa moja, tukala sapu, mtihani wa marudio, wote.

Juzi nilimtembelea binti yangu hapohapo Mlimani. Ana kitanda chake peke yake, na maktaba kubwa iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 2018. Nikamuuliza anasoma na nani. Akanionyesha simu: kundi la WhatsApp, watu zaidi ya mia mbili.

"Wote hawa rafiki zako?"

"Aa, hao ni wa madesa tu, mama."