Cabo Delgado: Mwanafunzi anapofunzwa kumsikiliza mwenzake

Katika miji ya Palma na Mocímboa da Praia, kaskazini mwa pwani ya Msumbiji, masomo hufundishwa kwa Kireno, lakini huzuni husemwa kwa Kimwani, Kimakonde au Kimakua. Ndiyo maana neno la mtoto aliyechoka kuishi huenda likamfikia mwenzake wa dawati moja kabla ya mwalimu.

Watoto wa huko wameona mengi. Mashambulizi ya waasi yalianza Mocímboa da Praia Oktoba 5, 2017. Mji huo ulitekwa Agosti 2020 na kukombolewa mwaka mmoja baadaye. Palma ilivamiwa Machi 24, 2021. Shule zilichomwa, walimu wakakimbia, jamaa wakatawanyika.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hujiua kila mwaka duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha wanafunzi zaidi ya 11,000 katika nchi 10 za Ulaya, ulionyesha kuwa majaribio ya kujiua yalipungua kwa takriban nusu pale wanafunzi wenyewe walipofundishwa. Mafunzo waliyopewa walimu peke yao hayakuleta tofauti ya maana.

Mafunzo hayo hayamgeuzi mwanafunzi kuwa daktari. Hatua zake zafanana na zile za huduma ya kwanza ya kisaikolojia: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Kuangalia ni kumtambua anayejitenga ghafla, anayegawa vitu vyake, au anayesema amekuwa mzigo kwa wengine. Kusikiliza ni kuketi naye bila kumkemea wala kumhubiria. Wengi huogopa kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua, wakidhani swali litampandikizia wazo hilo. Tafiti haziungi mkono hofu hiyo. Mara nyingi aliyeulizwa hupata nafuu.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu, kwa kuwa inagusa siri ya marafiki. Kijana akiombwa asimwambie mtu yeyote, hufundishwa kutokubali ahadi hiyo, kutomwacha mwenzake peke yake, na kumfikisha kwa mtu mzima siku hiyo hiyo. Pasipokuwa na mtu mzima wa kumpokea, mafunzo humtwika mtoto mzigo usio wake.

Msumbiji imekuwa ikiwaandaa wahudumu wa kada ya kati wa afya ya akili kwa ajili ya wilaya zake, lakini mapigano yalifunga vituo vingi vya afya kaskazini mwa Cabo Delgado. Hivyo, kabla ya somo la kwanza, shule huhitaji kumteua mwalimu au muuguzi ambaye kila mwanafunzi anajua jina lake na mahali anapopatikana, hata baada ya kengele ya mwisho.