Keya wa Mto Tana na Glaida za Burma

Ukanda wa Mto Tana kutoka Garissa hadi Bura ulikuwa ngao ya Kenya dhidi ya Waitalia mwaka 1940, na kutoka huko ndiko majeshi ya Jenerali Alan Cunningham yalikoanza safari iliyoteka Kismayu tarehe 14 Februari 1941, Mogadishu tarehe 25 ya mwezi huohuo, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Humo walikuwamo Keya, kama wazee walivyowaita askari wa King's African Rifles, na wengine kutoka Nigeria, Gold Coast na Afrika Kusini. Lakini jina lililovuma ni la Orde Wingate, aliyeingia Ethiopia kupitia Sudan pamoja na Mfalme Haile Selassie na wazalendo wa huko. Na ni haki isemwe kwamba mfalme alipoingia Addis Ababa tarehe 5 Mei, mji ulikuwa umekwisha kutekwa karibu mwezi mzima kabla na watu waliotokea Tana.

Wingate huyohuyo ndiye aliyepeleka glaida Burma. Glaida ni ndege isiyo na injini, ambayo huvutwa kwa kamba na ndege nyingine, kisha hufunguliwa karibu na shabaha na kuteremka yenyewe. Ile ya aina ya Waco ilikuwa na kiunzi cha mabomba ya chuma kilichovikwa kitambaa, sakafu ya mbao, na pua iliyoinuliwa juu ili kupitisha gari dogo la jeshi, nayo ilibeba askari 13 na marubani 2. Askari wa miavuli wa Marekani walilipwa posho ya hatari, ilhali wenzao wa glaida hawakupewa mpaka Julai 1944, ingawa kamba ikishafunguliwa rubani hakuwa na njia ya kupaa tena hata akiona kiwanja kimeharibika.

Usiku wa tarehe 5 Machi 1944, glaida zaidi ya 60 ziliondoka Lalaghat, India, kila ndege ya Dakota ikivuta mbili, kuelekea uwazi wa msituni ulioitwa Broadway, nyuma ya Wajapani. Mizigo ilizidi, kamba zikakatika, na nyingine zikaanguka njiani. Zilizofika ziligonga mitaro iliyofichwa na majani, mitaro iliyochimbika kwa kuburutwa magogo ya misaji, na kabla hazijaondolewa, zilizofuata zikazivamia gizani. Walikufa watu wapatao 30, lakini mafundi walionusurika walitengeneza uwanja siku ya pili, na Dakota zikatua usiku uliofuata. Baadaye Wanigeria wa Brigedi ya 3 ya Afrika Magharibi walisafirishwa kwa Dakota mpaka ngome za Chindit, yaani kikosi cha Wingate.

Anayedai kwamba Keya nao walishuka Burma kwa glaida amechanganya vikosi viwili. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru na chini ya Meja Jenerali Charles Fowkes, ilikwenda kwa miguu kupitia Bonde la Kabaw, katika masika na malaria, ikilishwa kutoka angani: nafaka ilidondoshwa bila mwavuli katika magunia mawili, moja ndani ya jingine, ili la ndani likipasuka la nje lihifadhi chakula. Wala baharini hawakusalimika, kwani tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi katika dakika chache tu, wakafa watu karibu 1,300, jambo ambalo vitabu vya sifa za Wingate havina haja nalo.

Keya waliiteka Kalewa tarehe 2 Desemba 1944, na hapo juu ya Mto Chindwin wahandisi wakajenga daraja la Bailey, la vipande vya chuma vya kuunganishwa, lenye urefu wa futi 1,154, refu kuliko yote ya aina hiyo wakati huo, ambalo Jeshi la 14 la Uingereza lilivuka kuelekea Mandalay.