Malkia Eleni: mjane aliyeijua dola kuliko wafalme wake

Simulizi za Washilluk wa Sudan Kusini zinamtaja Abudok, mwanamke aliyekalia kiti cha reth, yaani mfalme, kandokando ya Nile Nyeupe. Malkia wa namna hiyo hasahauliki upesi, kwa kuwa jina lake limo katika orodha ya watawala. Anayesahaulika ni mke wa mfalme: huhesabiwa pambo la ikulu, na nguvu zake husemwa kuwa ni za kuazima, zinazokwisha siku mume anapozikwa. Jirani zetu wa Ethiopia wana ushahidi wa miaka 500 unaopinga dhana hiyo. Ni maisha ya Malkia Eleni, ambaye ushawishi wake mkubwa ulikuja baada ya ujane, wakati ambapo desturi ilitarajia anyamaze.

Eleni alizaliwa Hadiya, nchi ya Kiislamu kusini mwa dola ya Wahabeshi, binti wa mtawala wake, Garad Mehmad. Kwa simulizi iliyozoeleka, aliolewa na Mfalme Zara Yaqob (1434–1468), akawa Mkristo na kupewa cheo cha malkia wa upande wa kulia. Ndoa yenyewe ilikuwa ya kisiasa: Hadiya ililipa kodi kwa Wahabeshi, na ndugu yake Eleni, Mahiko, alipoasi, alishindwa vitani. Kuna atakayesema kwamba Eleni alikuwa sehemu ya kodi hiyo. Kuhusu mwanzo wake, hoja hiyo ina ukweli, ila haielezi yaliyofuata. Hakuacha mtoto wa kumpigania, na ikulu ile haikuwa mahali pa salama: mke mwingine wa mfalme, Tsiyon Mogesa, mama wa mrithi, alifariki kwa kipigo baada ya kushukiwa njama. Mrithi huyo, Baeda Maryam, alipotawazwa mwaka 1468 alimpa Eleni heshima ya mama. Kitabu cha historia ya utawala wake kinamsifu Eleni kwa ibada, mapishi, elimu ya vitabu, sheria na mambo ya serikali. Mapishi hapo si jambo dogo. Anayesimamia meza ya mfalme anajua nani ameitikia mwito, nani amekaa mbali, na nani ameketishwa karibu zaidi na kiti.

Ujuzi huo ulizidi thamani kadiri wafalme walivyopita. Eskender alirithi mwaka 1478 akiwa mtoto, Na'od akafuata mwaka 1494, na mwaka 1508 kiti kikamwangukia Lebna Dengel, kijana mdogo asiyeweza kutawala peke yake. Wafalme walibadilika, lakini aliyekumbuka mipaka, kodi na ahadi za zamani alikuwa mama huyu mzee, ambaye sasa alisimamia dola kwa niaba ya kijana. Mwaka 1509 hivi alimtuma Mateus, mfanyabiashara wa Kiarmenia, kwa mfalme wa Ureno, akiwa na barua na kipande kidogo cha mti ulioaminiwa kuwa wa msalaba wa Yesu. Barua ilipendekeza mgawanyo wa kazi: Ethiopia itoe askari na chakula, Ureno ilete merikebu, ili wapambane na Misri katika Bahari ya Shamu. Mateus alifika Goa mwaka 1512 na Lisbon mwaka 1514, huku baadhi ya Wareno wakimtilia shaka kuwa mpelelezi.

Hapa ndipo lawama nzito inapoanzia. Wareno hao ndio walioishambulia Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Je, Eleni hakuwafungulia mlango wageni? Inafaa kuangalia alichoomba. Aliomba merikebu, kitu ambacho dola yake ya milimani haikuwa nacho, na akaweka mezani alichonacho. Fujo za wamisionari Wajesuiti zilizomfanya Mfalme Susenyos aachie kiti mwaka 1632 zilitokana na maamuzi ya wengine, zaidi ya miaka 100 baadaye. Tena ujumbe wa Wareno ulipofika mwaka 1520, Lebna Dengel, aliyekwisha kumshinda adui yake Mahfuz, amiri wa Zeila, hakuona haraka ya mapatano. Mwaka 1529 jeshi lake lilivunjwa na Ahmad Gragn, kiongozi wa Waislamu wa Adal, huko Shimbra Kure. Askari 400 wa Kireno waliofika mwaka 1541 kuisaidia Ethiopia walipita katika njia ambayo Eleni aliianza miaka 30 kabla.

Wapo pia watakaosema sifa za Eleni ziliandikwa na watumishi wa ikulu. Lakini Padri Francisco Álvares, Mreno aliyekaa Ethiopia kuanzia 1520 hadi 1526, hakuwa na deni kwake. Naye anasimulia kwamba kifo chake kiliombolezwa na wakubwa kwa wadogo, waliosema wamepoteza mlinzi. Na kwamba kodi ya Gojjam, jimbo lililokuwa chini ya Eleni, ililetwa kwa mfalme ikiwa na nyumbu na farasi kwa maelfu. Huyo alikuwa msimamizi wa mali na watu.

Mkataba wa amani wa mwaka 2018, uliotiwa saini Addis Ababa, uliwatengea wanawake wa Sudan Kusini asilimia 35 ya nafasi serikalini. Kwetu Juba, mjadala huishia kwenye hesabu ya viti. Maisha ya Eleni yanadai swali la pili: mwanamke anayeteuliwa anakabidhiwa mafaili ya kodi, mipaka na sheria, na anaachwa ofisini muda wa kutosha kuyaelewa? Cheo alikipata kwa ndoa. Ushawishi aliupata kwa kazi iliyodumu miongo, na kazi hiyo ndiyo ambayo asilimia peke yake haiwezi kuigawa.