Vita vya Mrima, 1888 hadi 1890, na Jinsi ya Kuwasomesha Watoto

Mtoto wa Kiislamu wa Buyenzi, mjini Bujumbura, asomeshwapo habari za Bagamoyo na Pangani, ana haki ya kuuliza: mambo ya pwani yanamhusu nini mtu wa Ziwa Tanganyika? Jawabu lipo. Jeshi lililokusanywa mwaka 1889 ili kuwapiga watu wa Mrima ndilo lililogeuzwa mwaka 1891 kuwa jeshi la koloni la Wadachi, na jeshi hilo ndilo lililojenga boma la Usumbura mwaka 1897. Mzinga uliolia Bagamoyo, mwangwi wake ulifika ziwani.

Mwalimu asianze na mzinga lakini. Aanze na karatasi. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja alitia saini mkataba wa kuikodisha pwani kwa kampuni ya Wadachi, muda wa miaka 50. Wenyeji wa Mrima hawakuulizwa. Mwezi wa Agosti Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, akashika kazi ya kampuni Pangani, na katika siku za Idi ya kuchinja Wadachi waliingia msikitini na mbwa wao. Mtoto ajuaye adabu ya msikiti hahitaji kuelezwa zaidi. Mwezi wa Septemba watu wa Pangani walimfungia Zelewski nyumbani mwake, hata akaja Lloyd Mathews, mkuu wa askari wa Sultani, akamtoa.

Vita hivyo Wadachi waliviita uasi wa Waarabu, na jina hilo limesomwa vitabuni kwa miaka mingi. Si jina la haki. Abushiri bin Salim al-Harthi baba yake alikuwa Mwarabu, lakini mama yake alikuwa Mgalla. Na waliosimama katika vita walikuwa majumbe wa Kishirazi, Wazigua, Wabondei, na wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwako pwani na misafara yao. Jina lile lilikuwa na faida yake huko Berlin: Januari 1889 baraza la Wadachi lilitoa marki milioni 2 kwa kuambiwa kwamba fedha hizo ni za kukomesha biashara ya watumwa. Hapa mwalimu asifiche jambo. Abushiri mwenyewe alikuwa na shamba la miwa, na watumwa walilima humo. Mtoto akifichwa hayo leo, atayasoma kesho kwa mtu mwingine, na siku hiyo hatamwamini tena mwalimu wake.

Sasa vije vita vyenyewe, na ichorwe ramani, ijapokuwa ni kwa kijiti mchangani. Tarehe 22 Septemba 1888 Abushiri aliushambulia mji wa Bagamoyo kwa maelfu ya watu, akarudishwa na wanamaji wa manowari Leipzig. Baadaye kambi yake aliijenga ndani, mbali kidogo na mji. Watoto waulizwe kwa nini. Mwenye akili ataitazama bahari katika ramani, na ile manowari juu yake. Hata hivyo, kufikia mwisho wa mwaka ule Wadachi walibakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu katika pwani yote.

Tarehe 8 Mei 1889 Hermann Wissmann aliivunja kambi hiyo kwa mizinga. Waliouawa ndani ya boma walipita mia, Abushiri aliponyoka. Na hapa ndipo mahali ambapo waalimu wengi hupenda kupita mbio. Ni nani waliolirukia boma? Kundi kubwa lilikuwa Wasudani wapatao 600, walioandikwa Misri, wengi wao Waislamu, watu waliokwisha kutumika katika jeshi la Misri na kubaki bila kazi. Adhana ilisikika pande zote mbili. Baadhi yao walikaa katika nchi hizi, wakaoa, wakazaa. Jambo hilo lisemwe pole pole, bila kuwatukana wafu, maana katika darasa huenda wajukuu wa hao na wajukuu wa hawa wakakaa bao moja.

Julai 1889 Pangani na Tanga zilianguka. Abushiri alikuwa amekwenda bara, akakishambulia kituo cha Wadachi cha Mpwapwa, akarudi na Wambunga, akashindwa Yombo mwezi wa Oktoba. Alikamatwa Desemba na watu wa bara wakamkabidhi kwa adui. Tarehe 15 mwezi huo akanyongwa Pangani. Mungu amrehemu.

Wengi hudhani vita viliisha hapo. Bwana Heri bin Juma wa Saadani alikuwa bado yu ngomeni Mlembule. Mwisho wa Desemba aliwarudisha nyuma Wadachi. Mwanzo wa Januari 1890 Wissmann akaja na nguvu zaidi, akaitwaa ngome. Bwana Heri hakusalimu amri ila Aprili 1890. Mambo haya Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliyatungia utenzi katika zama zake, na watu wazima wausomao wausome mbele ya watoto.

Kuhusu Zelewski wa msikiti wa Pangani, alipandishwa cheo akawa mkuu wa jeshi la koloni. Tarehe 17 Agosti 1891 aliuawa Lugalo, katika nchi ya Wahehe, na watu wa Mkwawa.