Siku 28 Hazitoshi

Msikilizaji, juma hili tuzungumzie paa. Katika miaka ya 1970, madhara ya asbestosi yalipozidi kujulikana, wataalamu walianza kuchanganya saruji, mchanga na nyuzi za katani ili kutengeneza vipande vipana vya kuezekea. Wazo lilikuwa zuri. Mkonge tunaulima wenyewe, tangu miche yake ilipoletwa pwani yetu mwaka 1893. Tena zege tupu likipata ufa hukatika, lakini lenye nyuzi hushikana.

Kwa desturi, zege hupimwa nguvu likiwa na umri wa siku 28. Katika umri huo katani ilikuwa imara. Ila baada ya miaka ya mvua na jua, paa likawa la kuvunjika upesi. Mwaka 1983, mtafiti Hans-Erik Gram wa Sweden alieleza kisa chake: maji yaliyomo ndani ya zege yana alkali kali, nayo hula kile kinachoshikilia nyuzi ya katani. Alilijua hilo kwa kulowesha na kukausha vipande mara nyingi, hivyo kuifupisha miaka. Alionyesha pia kwamba sehemu ya saruji ikibadilishwa kwa vumbi la silika, nyuzi hudumu zaidi.

Kwa maoni yangu, hilo ndilo somo kwa kila mtunga viwango. Mwananchi hajengi paa la siku 28. Anajenga la kuwaachia watoto. Kipimo kisichouliza habari za masika ya kumi humlinda muuzaji, si mnunuzi.