Chukudu ya Goma: mti uliobeba mji

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Kabla ya pikipiki kujaa barabarani, mzigo mwingi ulishuka mlima juu ya mbao. Chukudu ilitokea miaka ya 1970, wakati wa Zaïre ya Mobutu, uchumi ulipoanguka na wengi hawakuwa na uwezo wa kununua gari. Wakulima walitafuta njia ya kufikisha viazi, kabichi na makala sokoni. Mafundi wakawaundia kifaa cha magurudumu mawili ya mbao.

Nguvu ya chukudu inaanzia kwenye kuchagua mti. Mafundi walichukua mumba na mkaratusi, miti migumu. Mti laini ni rahisi kuchonga, lakini ukipakiwa magunia unapinda na kuvunjika. Mkaratusi nao una tabia yake: ukikaushwa haraka juani, unapasuka kwenye ncha. Kwa hiyo fundi mwenye subira anauacha ukauke polepole kivulini. Asiyengoja anauza chukudu inayopendeza macho tu. Mti ukisinyaa baadaye, misumari inalegea. Kwenye mteremko wa Kibumba, hasara hiyo inampata msukumaji, siyo fundi.

Kumalizia nako ni kazi. Chukudu haitafuti kung'aa kama kabati la sebuleni. Mishiko inalainishwa isichome mikono, magurudumu yanavalishwa mpira wa gari uliochakaa, na kipande cha sandali kinapigiliwa pale goti linapokaa.

Mwaka 2009 sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu ilizinduliwa Goma. Lakini familia zilizohama zina ukumbusho wao. Vita vilipofika vijijini, chukudu ilibeba magodoro, sufuria, watoto na wazee walioshindwa kutembea. Siku hiyo, mti uliochaguliwa vibaya ungewaacha njiani.

Leo mkaratusi uleule unatafutwa na wachoma makala. Gogo likichomwa, linapika chakula cha siku chache. Likikaushwa vizuri na kufika kwa fundi, linaweza kulisha nyumba kwa miaka miwili au mitatu.

Kijana aliyekimbia vita anaweza kuacha shamba, shoka na randa. Kujua gogo gani linafaa kazi gani, hilo anafika nalo popote anapopokelewa, na anaweza kuanza nalo tena.